Mkanda chini ya mrija wa mkojo: uchambuzi wa kisa cha muuza mahamri wa Kisauni

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka 49, mkaazi wa Kisauni, Mombasa, mama wa watoto wanne, ambaye kwa takriban miaka tisa alikuwa akivuja mkojo kila alipokohoa, alipopiga chafya, alipocheka au aliponyanyua kitu kizito, na ambaye mwishowe alifanyiwa upasuaji wa kuwekewa mkanda chini ya mrija unaotoa mkojo kutoka kwenye kibofu. Visa kadhaa vinavyofanana vimeunganishwa hapa kuwa kimoja ili pasiwe na mtu wa kutambulika, lakini hatua za tiba na sababu zake ni zile zile ambazo mgonjwa wa aina hii huzipitia. Hoja ninayoifuata ni kwamba mkanda hufanya kazi moja tu, nayo ni kuupa mrija mahali pa kuegemea wakati tumbo linaposukuma. Kila kitu kingine kinachomlowesha mgonjwa hubaki palepale baada ya upasuaji, na kwa hivyo matokeo hutegemea sana kazi iliyofanywa kabla mgonjwa hajalazwa kwenye kitanda cha thieta.

Malalamiko

Mama huyu hukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, kazi inayoanza saa tisa za usiku kwa kukanda unga, kuwasha moto wa kuni na kubeba mitungi ya maji ya lita 20 hadi uani kwake. Watoto wote aliwazaa kwa njia ya kawaida. Wa kwanza alizaliwa nyumbani baada ya uchungu wa muda mrefu, na alikuwa mtoto mkubwa. Kuvuja kulianza kwa matone baada ya uzazi wa tatu, kukapungua, kisha kukarudi baada ya wa nne na kuzidi taratibu, hadi katika miaka miwili ya mwisho, hedhi ilipokuwa ikikatika, akawa hawezi kupanda matatu kuvuka Daraja la Nyali bila kujifunga kipande cha leso kuukuu kilichokunjwa mara nne. Mara kadhaa alikuwa amenunua antibiotiki kwenye duka la dawa kwa maelezo kwamba ana maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna aliyempima mkojo hata mara moja kabla ya kumpa vidonge. Yeye mwenyewe alikuwa amejiwekea tiba ya kupunguza maji ya kunywa, ambayo katika joto la Mombasa huufanya mkojo kuwa mzito na kukiwasha kibofu, bila ya kuzuia chochote.

Hata hivyo, kilichomleta kliniki ni sala. Aliporukuu na kusujudu, tumbo lilijibana na tone likatoka, na tone moja latosha kutengua udhu na kuinajisi nguo. Akawa anarudia udhu, kisha anarudia sala, na mwezi wa Ramadhani akaacha kabisa kwenda tarawehe msikitini kwa kuwa rakaa ni nyingi. Mwalimu wa darsa lake alimweleza hukumu ya madhehebu ya Shafii inayomhusu mtu ambaye mkojo wake haukatiki: ajisafishe, ajifunge, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali bila kuchelewa, na afanye hivyo kwa kila sala ya faradhi. Lakini yeye hakuwa mtu wa namna hiyo, kwani akiketi kwa utulivu angeweza kukaa saa tatu asione hata unyevu. Basi mwalimu akamwambia asali ameketi, iwapo kuketi kunamhifadhi, na akafanya hivyo kwa zaidi ya mwaka mzima, akiwa na magoti yasiyo na kasoro yoyote, huku wenzake wakidhani anaumwa miguu.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu lilitoa picha ya ugonjwa iliyo wazi kuliko fomu yoyote ya kliniki. Swali alilouliza mwalimu, kama mkojo haukatiki au hutoka kwa tendo fulani, ndilo swali ambalo daktari alipaswa kuliuliza kwanza, na jibu lake lilikuwa tayari limepatikana: mkojo unaotoka kwenye rukuu na kukoma kwenye kikao ni mkojo unaofuata msukumo wa tumbo. Haufuati mikazo ya kibofu chenyewe, wala hautoki kwenye tundu lililotoboka kwenye kibofu.

Uchunguzi, na dawa iliyokuwa ikimkohoza

Daktari wa kike aliyempokea alikuwa na umri wa bintiye, na mama alimwita "mwanangu" tangu mwanzo, jambo lililoyarahisisha maswali ya faragha. Kwa mwanamke aliyewahi kukaa na uchungu muda mrefu, lazima fistula iondolewe kwanza kwenye hesabu. Fistula ya uzazi ni tundu kati ya kibofu na uke, linalotokea pale kichwa cha mtoto kinapozikandamiza nyama za nyonga hadi zikafa kwa kukosa damu. Huvuja mchana na usiku, mwanamke amelala au amesimama, na tiba yake ni kulishona tundu lenyewe. Mama huyu aliamka mkavu kila siku, na uchunguzi wa uke haukuonyesha tundu wala kovu.

Mkojo haukuwa na dalili ya maambukizi, sukari ya damu ilikuwa ya kawaida, na picha ya ultrasaundi baada ya kukojoa ilionyesha mabaki ya mililita 30 tu, yaani kibofu kilikuwa kikijimwaga vizuri. Aliposimama na kibofu chenye mkojo wa kutosha akaambiwa akohoe kwa nguvu, mkojo ulichuruzika papo hapo, na ukakoma kikohozi kilipokoma. Ukuta wa mbele wa uke ulikuwa umelegea kidogo, kizazi hakikuwa kimeshuka kiasi cha kuhitaji kurekebishwa, na misuli ya sakafu ya nyonga ilipopimwa kwa kidole ilipata alama 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 5. Kisha akapewa shajara ya mkojo ya siku tatu, ambayo binti yake mdogo alimjazia: saa ya kukojoa, kiasi, saa ya kuvuja na alichokuwa akifanya. Shajara ilionyesha kuvuja mara nne au tano kwa siku, karibu zote wakati wa kukohoa au kubeba, na mara moja tu katika siku zote tatu alivuja kwa sababu hamu ya kukojoa ilimjia ghafla asiwahi choo. Mara hiyo moja iliandikwa kwenye faili kwa wino uleule wa nyingine, na ingefaa ipigiwe mstari, kwa maana ndiyo iliyokuja kuleta maneno baadaye.

Vipimo vya mgandamizo wa kibofu, vinavyohitaji mashine maalumu, havikufanywa. Uamuzi huo una msingi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliowahusisha wanawake 630 wenye kuvuja kwa msukumo kusiko na utata, ulionyesha kwamba waliopimwa kwa mashine kabla ya upasuaji na waliochunguzwa kliniki tu walipata nafuu kwa kiwango kilekile, takriban asilimia 77 kila upande, baada ya mwaka mmoja. Kumpeleka mgonjwa Nairobi kwa kipimo kisichobadilisha uamuzi kungekuwa kumtwisha nauli bure.

Lililobadilisha uamuzi lilikuwa ndani ya mkoba wake. Kwa miaka miwili alikuwa akitumia enalapril kwa ajili ya shinikizo la damu, dawa nzuri na ya bei nafuu ambayo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichoisha. Yeye aliulaumu moshi wa kuni na vumbi la unga, na watu wa nyumbani walimpa tangawizi na asali. Alipoulizwa kikohozi kilianza lini, alihesabu kwa kutumia harusi ya mpwa wake, na hesabu ikaangukia miezi michache baada ya kuanza vidonge. Dawa ilibadilishwa ikawa losartan, inayoshusha shinikizo la damu kwa njia iliyo karibu na ile ya kwanza lakini mara chache sana huleta kikohozi, na baada ya wiki tano kikohozi kilikuwa kimekwisha, na kuvuja kukapungua kwa karibu nusu bila ya mtu kumgusa kwa kisu. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye thamani kubwa kuliko zote katika kisa hiki, na ilikuwa rahisi kabisa kuipita. Mwanamke anayekohoa mara mia kwa siku atauchosha mkanda wowote, na hata ukishika, kovu la tumbo litakaloachwa na upasuaji litakuwa likivutwa kila mara.

Miezi minne ya mazoezi

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita tatu hadi nne tu, na hujifunga kwa namna mbili: misuli inayouzunguka, na utando wa nyama za uke ulio chini yake, ambao tumbo linapokaza huupa mrija mahali pa kubanwa. Mpira wa kumwagilia maji ukiwa juu ya saruji, ukiukanyaga maji hukatika. Ukiwa juu ya mchanga mlaini, utazama na maji yataendelea kupita. Uzazi, umri na kupungua kwa homoni ya estrojeni huilegeza ile sehemu ya chini. Mazoezi huijenga misuli inayoushikilia utando huo kutoka pembeni, na mkanda hutengeneza sehemu ngumu mpya mahali pa ile iliyolegea.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 unapendekeza mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga yanayosimamiwa na mtaalamu kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya kufikiria upasuaji, angalau mikazo minane mara tatu kwa siku. Neno "yanayosimamiwa" ndilo zito. Mama huyu alikuwa amewahi kuambiwa na muuguzi abane kama anayezuia mkojo, naye kwa miezi kadhaa alikuwa akiyabana makalio na kulisukuma tumbo chini, kitendo kinachoongeza msukumo badala ya kuushinda. Mtaalamu wa fiziotherapia alimwonyesha kwa kidole ni misuli ipi, na kumfundisha kubana kabla tu ya kukohoa au kunyanyua. Mazoezi yalifungwa kwenye sala tano, kwa kuwa saa hizo hazisahauliki, na akiwa amekwisha kuketi kwenye mkeka. Katika muda huohuo alipunguza kilo tano, jambo ambalo nalo hupunguza kuvuja kwa wanawake wanene.

Baada ya miezi minne alama za misuli zilipanda kutoka 2 hadi 3 na nusu, na kuvuja kukabaki mara moja au mbili kwa siku, zote wakati wa kunyanyua mtungi au sufuria kubwa, na kwenye sijda ndefu. Kuna wanaosema kwamba mazoezi ni kumcheleweshea mgonjwa, nao wana takwimu: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013 uliowahusisha wanawake 460 ulionyesha kwamba waliopangiwa upasuaji moja kwa moja waliridhika zaidi, na kwamba asilimia 49 ya waliopangiwa fiziotherapia waliishia kwenye upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Mimi nausoma utafiti huohuo kwa upande wa pili: nusu ya waliofanya mazoezi hawakuhitaji kupasuliwa katika mwaka huo. Na kwa mama wa Kisauni, miezi minne hiyo ndiyo iliyotenganisha kilichokuwa cha kikohozi, kilichokuwa cha misuli na kilichobaki, ambacho ndicho pekee kilichofaa kupelekwa thieta.

Mkanda upi

Pesari ya mpira, yaani kifaa kinachovaliwa ukeni ili kuuegemeza mrija, ilijaribiwa, ikawa inamchubua na kumsumbua katika kujitwaharisha, ikatolewa. Sindano za kuunenepesha mrija hazikuwa rahisi kupatikana, na nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Yakabaki mawili: ukanda mwembamba wa plastiki aina ya polipropilini, au kipande cha utando wake mwenyewe kutoka kwenye ukuta wa tumbo.

Ukanda wa plastiki ulielezwa kwenye jarida mwaka 1996 na Ulf Ulmsten wa Uppsala, Sweden, pamoja na wenzake, na uliubadilisha upasuaji huu duniani kote. Una upana wa takriban sentimita moja, hupitishwa chini ya sehemu ya katikati ya mrija na kuibukia juu ya mfupa wa kinena kwa matundu mawili madogo. Kazi huchukua takriban nusu saa, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwaka 2001 daktari wa Ufaransa, Emmanuel Delorme, alionyesha njia ya kuupitisha kwenye matundu ya mifupa ya nyonga kuelekea mapajani, ambayo hukwepa kibofu zaidi. Njia hizo mbili zilipolinganishwa katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, mafanikio yalikaribiana sana, isipokuwa kwamba ya kwanza ilileta shida zaidi ya kukojoa, na ya pili maumivu na ganzi zaidi mapajani. Utando wa tumbo ni njia ya zamani zaidi. Daktari Aldridge aliieleza mwaka 1942, na imeboreshwa mara nyingi tangu hapo. Inahitaji mkato juu ya kinena, saa moja na nusu au zaidi ya kazi, na siku kadhaa za kulazwa.

Hapo ndipo simu ya binti mkubwa, anayeishi Uingereza, ilipoingia. Alikuwa ameona kwenye televisheni ya huko wanawake waliokuwa hawawezi kutembea kwa sababu ya neti zilizowekwa ndani yao, akamwambia mamake asikubali chochote cha plastiki. Daktari angeweza kulipuuza onyo hilo, au kulitumia ili kumaliza mjadala haraka. Badala yake alilichambua mbele ya mgonjwa. Ni kweli kwamba Julai 2018 Uingereza ilisimamisha matumizi ya nyavu za uke, ukanda wa kuzuia mkojo ukiwemo, na kwamba ripoti ya Julai 2020 ya uchunguzi ulioongozwa na Julia Cumberlege ilieleza kwa uchungu jinsi wanawake walivyopuuzwa walipolalamika. Ni kweli pia kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru Aprili 2019 nyavu zinazowekwa kupitia ukeni ili kurekebisha viungo vya nyonga vilivyoshuka zisiuzwe tena. Lakini amri hiyo haikuugusa ukanda wa mkojo, ambao ni plastiki ndogo zaidi na hukaa mahali pengine, na wanawake wa kwanza waliowekewa huko Skandinavia walifuatiliwa kwa miaka 17, na walio wengi mno bado walikuwa wakavu. Ukanda unafanya kazi. Hatari yake ni kwamba kwa wanawake wachache hula nyama na kujitokeza ukeni, au huleta maumivu yasiyoisha, na kuutoa ni upasuaji mgumu unaohitaji daktari mwenye mazoea nao.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo iliyoamua, na nadhani iliamua sawasawa. Swali la kujiuliza kuhusu kifaa cha kudumu ni nani atakayekishughulikia kikiharibika baada ya miaka kumi, mgonjwa akiwa bado anaishi Kisauni na bado anauza mahamri. Kwa utando wake mwenyewe hakuna kitu cha kujitokeza wala cha kununua, na mgogoro wake mkubwa, yaani kushindwa kukojoa, daktari yeyote wa wanawake au wa njia ya mkojo anaweza kuushughulikia. Bei yake nayo ilielezwa bila kufichwa. Utafiti wa mwaka 2007 uliowahusisha wanawake 655 uliulinganisha mkanda wa utando na upasuaji wa kulishona tishu la kando ya shingo ya kibofu ambao daktari Burch aliueleza mwaka 1961. Baada ya miaka miwili, asilimia 66 ya waliowekewa mkanda walikuwa wamepona kuvuja kwa msukumo, dhidi ya 49, lakini asilimia 14 walipata shida ya kukojoa, dhidi ya 2, na walioanza kupata hamu za ghafla walikuwa wengi zaidi upande wa mkanda. Mama aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, nikishindwa kukojoa itakuwaje?" Akajibiwa kwamba angefundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mwembamba, na mpira wenyewe akaonyeshwa siku hiyohiyo, wiki tatu kabla ya upasuaji. Kwa mgonjwa mwingine, kwa mfano mwanamke mnene sana, au aliyepasuliwa tumbo mara nyingi, au asiyeweza kuacha kazi wiki sita, ningeona ukanda wa plastiki kuwa chaguo bora, na mtu asikisome kisa hiki kama hukumu dhidi yake.

Upasuaji na siku zilizofuata

Alidungwa sindano ya ganzi ya mgongo na kupewa dozi moja ya antibiotiki ya kinga. Kwa mkato mfupi juu ya kinena ulichukuliwa ukanda wa utando wa misuli ya tumbo wenye urefu wa karibu sentimita 10 na upana wa sentimita 2, na mahali pake pakashonwa kwa uzi imara. Kwa mkato mdogo ukeni, mkanda uliwekwa chini ya mrija karibu na shingo ya kibofu, na nyuzi za ncha zake zikapitishwa nyuma ya mfupa wa kinena hadi juu. Kamera iliingizwa kwenye kibofu kuhakikisha sindano hazikukitoboa. Kisha nyuzi zikafungwa bila kukazwa, kwa kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya fundo na ukuta wa tumbo. Daktari anayekaza kidogo zaidi ili awe na hakika huwa amemhamisha mgonjwa kutoka tatizo moja kwenda jingine.

Siku ya pili mpira wa mkojo ulitolewa. Alikojoa mililita 110, na mabaki yakawa 280. Mpira ukarudishwa kwa siku tatu, na alipouliza kuhusu sala, mwalimu wake alimjibu kwa simu kwamba sasa ile hukumu ya mtu ambaye mkojo wake haukatiki inamhusu moja kwa moja. Ulipotolewa tena, mabaki bado yalikuwa zaidi ya 200, na hapo muuguzi akamfundisha kwa kioo kujitoa mkojo mara nne kwa siku, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni na mpira uliotunzwa safi. Alijifunza ndani ya mchana mmoja, kwa kuwa hakikuwa kitu kigeni kwake. Siku ya 19 mabaki yalikuwa chini ya mililita 100 mara tatu mfululizo, akaacha. Alipata maambukizi ya mkojo mara moja, yaliyothibitishwa kwa maabara na kutibiwa.

Wiki ya sita alikohoa akiwa amesimama na kibofu kimejaa, na hakuna kilichotoka. Alikuwa amerudi kusali kwa kusimama. Wifi yake, aliyemshikia biashara, alimrudishia sehemu ya kukanda unga lakini si ya kubeba maji, ambayo sasa huletwa kwa mkokoteni na kumiminwa moja kwa moja kwenye pipa.

"Operesheni haikushika"

Mwezi wa tatu mume na wifi waliamua kwamba upasuaji umeshindwa, kwa kuwa walimwona bado akivaa pedi nyembamba. Lalamiko lao lilistahili kusikilizwa, na lilikuwa na jibu katika ile mara moja ya shajara ya mwanzo. Sasa hamu ilimjia ghafla mara tatu hivi kwa wiki, hasa anapomimina maji au anapofungua mlango wa nyumba, na pengine hulowa kabla ya kufika choo. Kukohoa, kucheka na kunyanyua havikumtoa hata tone.

Kwanza ilibidi ijulikane kama mkanda ulikuwa unaubana mrija, kwa maana kibofu kinachosukuma dhidi ya kizuizi huanza kujikaza ovyo, na tiba yake ni kuulegeza mkanda. Mabaki yalikuwa mililita 40, mkojo ulitoka kwa mkondo mzuri bila ya kuinama wala kusukuma, na maabara haikuona maambukizi. Basi kizuizi kiliondolewa kwenye hesabu, na ikabaki kwamba hamu iliyokuwepo kwa kiasi kidogo tangu awali imezidi, kama ilivyotarajiwa kwa baadhi ya wagonjwa wa upasuaji huu. Familia iliitwa na kuelezwa mbele ya mgonjwa, kwa idhini yake, kwamba hayo ni matatizo mawili, moja limetibiwa na la pili lina tiba nyingine. Ninavyoona, mazungumzo hayo yangekuwa mepesi zaidi kama mume angekuwepo kwenye kikao cha kabla ya upasuaji, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakushangaa hata kidogo; walioshangaa ni wale ambao hawakuelezwa.

Alipewa ratiba ya kukizoeza kibofu, akianza kukojoa kila saa moja na nusu na kuongeza robo saa kila wiki, akapunguza chai ya rangi kutoka vikombe sita hadi viwili, na akaandikiwa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa kipimo kidogo, kwa kuwa hedhi ilikuwa imekoma na nyama za hapo zimekauka. Dawa ya oksibutinini, inayotuliza mikazo ya kibofu, ilizungumzwa. Hukausha mdomo na kufunga choo, na kujisukuma chooni si jambo la kumtakia mwanamke mwenye mshono mpya wa tumbo. Naye kwa upande wake hakutaka mdomo mkavu akiwa amebakisha miezi miwili kuingia Ramadhani. Ikaahirishwa.

Mwezi wa tisa hamu za ghafla zilikuwa zimepungua hadi mara moja katika wiki mbili, na aliacha pedi isipokuwa safarini. Miadi inayofuata ni ya kuyapima tena mabaki ya mkojo na kuukagua kwa makini ukuta wa tumbo pale utando ulipochukuliwa, kwa kuwa wifi ameripoti kwamba mama ameanza kunyanyua sufuria ya mbaazi mwenyewe, na hernia ya mahali hapo, yaani utumbo kujitokeza pale ukuta ulipolegea, huanza kwa uvimbe mdogo ambao mgonjwa anayeendelea vizuri hauhesabu kuwa kitu.